Tiketi ya tatu kwenye njia ya Kolwezi: ajansi ya L'shi ilijaribu bei ya Ulaya

Hii ni kisa ya ajansi moja ya bus hapa Lubumbashi (L'shi), Congo. Jina naliacha, mwenyewe aliomba hivyo. Ni ajansi ndogo, bus tatu tu za viti hamsini, zinapiga Lubumbashi–Likasi–Kolwezi kwenye barabara za taifa RN1 na RN39, asubuhi na mchana. Aliniachia makaye (madaftari) yake yote nisome, ya tiketi, ya mizigo, ya mazuti (mafuta ya bus) na hata ya mapine (matairi), kwa sharti moja kwamba nisiandike bei zake kwa falanga juu majirani nao wanasoma. Basi humu ndani bei ya kawaida ya L'shi mpaka Kolwezi nitaiita kumi. Siyo dola kumi, siyo falanga elfu kumi, ni kipimo tu. Ukisikia "tiketi ya tatu" ujue ni chini ya theluthi ya bei.

Wazo lilikuja na mtoto wa kaka yake, kijana aliyesoma Ujerumani akarudi na FlixBus, kampuni ya bus ya kule, kichwani. Kule alizoea kununua tiketi kwenye simu wiki mbili mbele, analipa makuta (pesa) kidogo ya kuchekesha, siku ikifika anapanda bus ya kijani na kando yake kuna mtu amelipa mara nne ya ile yake, viti ni sawa, njia ni sawa. Akamwambia mwenye ajansi: "Papa mudogo, bus ya 13h inaenda nusu mutupu kila siku. Ile viti ya bule, tuiuzishe hata tatu, si ni faida?"

Na kusema kweli hoja yake haikuwa ya kitoto, ina historia. Ujerumani kwenyewe bus za mbali zilikuwa karibu zimefungwa na sheria ya tangu miaka ya 1930, juu serikali ilikuwa inalinda treni, mpaka soko likafunguliwa mwaka 2013 na FlixBus ikaanza mwaka huohuo. Bus nyingi si zake: kampuni ndogondogo za pale ndizo zinaleta bus na shofere, yeye anashika tiketi, rangi, ratiba na bei. Mwaka 2021 ikanunua hata Greyhound, ile ya zamani ya Marekani. Kabla yake Uingereza ilikuwa na Megabus ya kampuni ya Stagecoach, ilianza 2003 na tiketi ya pauni moja, 2006 ikavuka mpaka Marekani, ikianzia Chicago, na tiketi ya dola moja. Wengi wakisikia dola moja wanafikiri ni matangazo ya uongo. Si uongo, ila ni viti vichache kabisa kwa safari, na kazi yake ni kukufanya ufungue ukurasa wao, wa kwanza anachukua ya moja, wa kumi analipa zaidi, anayekuja siku yenyewe analipa bei ya mtu mwenye haraka.

Hesabu iliyo chini yake ni rahisi. Bus ikishatoka, mazuti, péage (ushuru wa barabara), mshahara wa shofere na kuisha kwa mapine ni karibu sawa ikiwa umebeba watu ishirini au hamsini. Kwa hiyo kiti kilichotoka mtupu kimekufa, huwezi kukiuza kesho, na chochote ulichopata juu yake ni bora kuliko hakuna. Hapo kijana alikuwa sawa. Lakini kuna sharti limefichwa ndani ambalo Ulaya hakuna anayelitaja juu kwao ni kama hewa: bus inatoka saa yake, imejaa au haijajaa. Kwetu ni kinyume. Bus, hasa ya asubuhi, inatoka ikijaa. Ile ya 6h kwenye kaye ilikuwa imeandikwa 6h, ila ilitoka 7h, siku zingine karibu 8h, mpaka kiti cha mwisho kipate mtu. Sasa kama bus inasubiri mpaka ijae, kiti kitupu cha kuuza bei ya chini kiko wapi? Hakipo. Kimeshalipwa na wale waliokaa ndani toka 5h30 na mtoto magotini, wamelipa kwa masaa yao. Hii njo ilikuwa kiini cha kisa chote, na haikuonekana mwanzoni.

Wakapanga hivi: kwa kila bus, viti kumi vya kwanza bei tatu, mradi ulipe siku tatu mbele kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Viti kumi na tano vinavyofuata bei saba. Ishirini kwa kumi, na vitano vya mwisho kwa kumi na mbili. Kijana aliweka yote kwenye Excel, kazi safi. Ila aliiweka kwa bus zote mbili, ya 6h na ya 13h, na hapo ndipo makuta ilianza kuvuja kabla hata ya mambo mengine.

Angalia. Safari moja kwenda inagharimu karibu 260 kwa kile kipimo chetu, yaani abiria ishirini na sita wa bei kamili ndio wanalipia safari, anayezidi hapo ni faida. Bus ya 6h ilikuwa inajaa, hamsini mara kumi, 500. Ile ya 13h ilibeba kama ishirini na tano, 250, hasara ndogo iliyovumiliwa juu bus lazima ifike Kolwezi ilale, irudi asubuhi na watu. Kwa bei mpya bus ya 6h ikijaa inaleta 30, 105, 200 na 60, jumla 395. Umepunguza 105 kwa bus ambayo ingejaa tu bila wewe kumpunguzia mtu yeyote! Na ile ya 13h, ambayo kwa ajili yake kitu chote kilianzishwa, iliongezeka kweli, kutoka ishirini na tano kufika thelathini na tatu. Watu walifurahi sana, wakapigana picha na bus. Lakini thelathini na tatu hao ni kumi kwa tatu, kumi na tano kwa saba, na wanane kwa kumi: 215. Watu wameongezeka, makuta imepungua. Kwa siku, ukitoa gharama za zote mbili, faida ilishuka kutoka 230 hadi 90, na mwenye ajansi alikuwa bado anaambia watu kwamba biashara inachanua juu kiwanja kimejaa.

Kaye ya mizigo nitairudia. Kwanza bakomisionere, wale vijana wa kiwanjani.

Tiketi za tatu zilikuwa zinaisha asubuhi ya siku ya kufunguliwa. Ukisoma kaye ya malipo unaona namba ileile ya simu imelipia viti vinne vya Jumatatu, vitatu vya Jumanne, namba nyingine vivyo hivyo. Wale vijana wa pale mulango wa kiwanja, wanaokushika mkono na valizi yako kabla hujasema unaenda wapi, walielewa mfumo mbele ya wateja. Wananunua kwa tatu, siku ya safari wanauzia kwa nane. Abiria amepona mbili, komisionere ametia mfukoni tano, na ile saba yote imetoka kwa ajansi. Sitawatukana, wanaishi kwa hiyo, na ukweli ni kwamba walifanya kile ambacho kompyuta ya FlixBus inafanya: kununua mapema, kuuza kwa bei ya mwenye haraka. Tofauti ni kwamba kule faida inabaki kwa kampuni.

Kijana akajibu kama kule: tiketi iandikwe jina, na mulangoni uonyeshe karata. Sasa Congo karata yenyewe kwa watu wengi ni ya électeur, ile ya kupigia kura, na wengi wamepoteza, wengine iko na jina la ubatizo wakati simu ya malipo imesajiliwa kwa jina la dada, wino umefutika. Ukaguzi wa watu hamsini saa ya giza, tochi ya simu, bus ikatoka 7h30 na waliolipa bei kamili wakaanza kulalamika kuliko waliolipa tatu. Mama mmoja alimwambia mtoto wa guichet (dirisha la tiketi) mbele ya watu wote: "Mwana, miye nililipa yote kumi, sasa juu ya nini unanichelewesha na bantu ya tatu?" Hakuna aliyemjibu. Ile ya majina ikaachwa wiki ya pili.

Turudi kwa mizigo, maana hapa L'shi ndipo bei ya safari ilipo. Kwa abiria wa FlixBus mfuko mmoja chini na mwingine mdogo mkononi vinaingia ndani ya tiketi, cha ziada unalipia, na wengi hawana cha ziada. Mama wa soko anayeenda Kolwezi yeye ndiye cha ziada. Anapeleka unga, mayai, balo ya nguo, makarton ya samaki tomson yenye barafu inayodondoka, na Kolwezi inavyokua na kampuni za mine, hasa tangu ikuwe mji mkuu wa jimbo la Lualaba mwaka 2015, kila kitu cha kula kinapata mnunuzi kule. Kaye ya mizigo inaonyesha siku zingine mizigo ilileta karibu nusu ya makuta ya viti. Kwa hiyo kumshushia mama huyu kiti kutoka kumi hadi tatu ni kumpunguzia sehemu ndogo ya safari yake. Na yeye mwenyewe alishaliona, alimwambia meneja: "Mwanangu, kiti unaniuzia tatu, mizigo unanipimia kumi na ine, beyi yako ilishukaka wapi?" Tena kununua siku tatu mbele hawezi. Bidhaa zake nyingi zinapita Kasumbalesa, na lori likikwama pale mpakani hakuna mtu anajua litatoka leo ao kesho kutwa. Anaamua usiku, anasafiri asubuhi. Mfumo wa kulipa mapema unamtaka mtu ambaye wiki yake inajulikana, na kwetu mtu wa hivyo mara nyingi ndiye mwenye makuta tayari: mfanyakazi wa kampuni, mwanafunzi wa baba mwenye nafasi, mtu wa ofisi. Kwa hiyo tiketi ya maskini ilikuwa inachukuliwa na asiye maskini, ama na komisionere. Mimi hapo njo naona ubaya wake hasa, kuliko hata hasara.

Halafu kuna shofere. Hii sehemu mwenye ajansi hakupenda niiandike, lakini bila yake kisa hakieleweki. Viti vitupu vya bus ya 13h havikuwa vitupu njia nzima. Kati ya L'shi na Likasi ni kama kilometa 120, kisha zingine 180 hivi mpaka Kolwezi unapita Fungurume, na kando ya njia kuna watu wanapunga mkono, mwenye gunia la makala, mwalimu anarudi kijijini, mchimbaji na koleo lake. Konvwayere, msaidizi wa shofere, anafungua mulango, wanapanda, makuta haifiki kwenye kaye. Karani wa Kolwezi aliyekuwa anahesabu vichwa vinavyoshuka aliandika pembeni kwa peni nyekundu: tiketi ishirini na sita, watu thelathini na tisa. Yaani ile mshahara mdogo wa shofere ulikuwa unajaziliwa na barabara na kila mtu alikuwa anajua bila kusema. Tiketi za tatu zilipojaza viti vile, shofere na konvwayere walipoteza nusu ya kipato chao kwa mpango ambao hawakuulizwa. Ghafla bus ya 13h ikaanza kuwa na pane. Mara pine, mara radiateur, mara "tusubirie maji ipoe". Mimi simlaumu mtu mshahara wake ukikatwa na Excel, lakini abiria wa tatu alifika Kolwezi katikati ya usiku na akaapa hatarudia.

Na mapine. Nilikuta kwenye kaye kwamba ile miezi miwili ya bei mpya, mapine mawili ya nyuma ya bus moja yalikuwa yabadilishwe, siku ya kuyabadilisha ikaahirishwa mara mbili, na kila mara kuna neno "ngojea". Hapa nataka kusimama kidogo, juu watu wakiongea bei ya chini hawafiki hapa. Marekani kulikuwa na bus za Chinatown kati ya Boston na New York, Fung Wah ndiyo iliyojulikana zaidi, dola kumi na tano hivi, wanafunzi walizipenda kweli. Mwaka 2013 wakaguzi wa serikali waliisimamisha baada ya kukuta nyufa kwenye fremu za bus zake. Bei ya chini ikiwa haitoki kwa ujanja wa kujaza viti, itatoka mahali pengine, na mahali pa karibu zaidi ni chini ya bus ambapo abiria hachungulii. Kwenye RN1, na yale malori ya cathode (mabamba ya shaba) yanakuja mbele yako kuelekea Kasumbalesa na mengine ya acide yanaelekea mine, pine la nyuma si jambo la kuambia "ngojea". Na tusifikiri wakubwa wao ni salama na hesabu zao: Coach USA, kampuni iliyokuwa inashika Megabus ya Marekani, iliingia kwenye kufilisika mwezi wa sita 2024.

Kilichookoa ajansi hakikutoka Ujerumani, kilitoka kwa yule karani wa guichet, msichana ambaye kutwa nzima anasikia watu wanauliza swali moja. Hawaulizi bei. Bei wanaijua tangu nyumbani. Wanauliza: "Dada, inatoka kweli saa ngapi?" Akamwambia patroni kwamba watu wangelipa kidogo zaidi ya kumi kama wangejua 6h ni 6h. Patroni alikataa, kijana naye alikataa, kila mmoja kwa sababu yake. Ni mke wa patroni aliyesema wajaribu wiki moja juu hasara tayari ipo.

Wakabadilisha hivi. Bei ya kulipa mapema ikafutwa yote. Bus ya 6h ikawa kumi na moja, mizigo inaruhusiwa, inatoka 6h hata ikiwa na viti vitupu. Bus ya 13h ikawa saba kwa kila mtu, ununue leo ao dakika ya mwisho, ila mfuko mmoja tu, mizigo mikubwa inaenda na ya asubuhi. Na konvwayere anapata kitu kidogo kwa kila abiria mwenye tiketi anayeshuka Kolwezi, akihesabiwa na yule karani wa peni nyekundu.

Siku ya kwanza 6h ilitoka na viti kumi na tisa vitupu. Patroni alisimama pale kiwanjani anaiangalia inaenda, na watu wanatoka kwenye taxi wanakimbia nyuma yake na mabalo kichwani, wanapiga kelele, na shofere hakusimama. Hiyo siku ilikuwa ghali. Lakini ilienea kwenye komine za hapa L'shi, Kenya, Katuba mpaka Ruashi, kuliko matangazo yoyote, kwamba ile ajansi ya fulani haingojei mtu, hata mama mwenye balo haingojei. Baada ya wiki chache ilikuwa inatoka na arobaini na tano kwa kawaida, wengi ni watu wenye rendez-vous kwenye ofisi za kampuni, wagonjwa, wafanyakazi wanaorudi kwenye zamu, na mama wa soko waliogundua kwamba kufika mapema Kolwezi tomson inauzwa bado na barafu. Arobaini na tano mara kumi na moja ni 495. Bus ya 13h ikabeba arobaini, kwa saba, 280, na kwa mara ya kwanza ikalipia njia yake yenyewe. Ukitoa gharama, faida ya siku 255, zaidi kidogo ya ile ya zamani ya 230. Si utajiri. Mapine yalinunuliwa mwezi huo.

Na bakomisionere? Hapo nilicheka peke yangu. Tiketi ya mapema ni kitu unaweza kuficha mfukoni ukauza kesho. Lakini bei ya chini ikikaa kwenye saa ya 13h, komisionere atauza nini? Bei ni ileile leo na kesho, na hawezi kugeuza 13h kuwa 6h. Mwenye haraka atalipa kumi na moja mwenyewe, asiye na haraka atasubiri mchana mwenyewe, kila mtu anajichagua bila karata ya électeur wala tochi. Vijana wale wakarudi kubeba mizigo ya watu mpaka kwenye coffre, kwa makuta ya kueleweka.

Kuna vitu havijakaa sawa. Bus ya 13h inafika usiku, na kwa kipindi cha mvua lori moja likilala katikati ya njia kabla ya Fungurume, abiria wa saba analala humo ndani ya bus, na hakuna anayemrudishia kitu; mimi ningeisogeza 11h hata kama viti vitano vingepotea, nimemwambia, amesema atafikiri. Kurudi kutoka Kolwezi Jumapili bus zote mbili zinajaa kupita kiasi na bei ni ileile, na shofere wa Jumapili bado anaokota watu njiani, hilo halijaisha. Kijana naye hajaachana na Ujerumani yake, ila sasa anataka kile kipande kingine, cha kuunganisha ajansi tatu ndogo chini ya tiketi moja na ratiba moja, ili kila saa mbili kuwe na bus. Mimi naona hilo ndilo lilikuwa la kuiga toka mwanzo. Wameshakutana mara moja, wakakubaliana saa, wakakubaliana bei, ilipofika zamu ya kila mmoja kuweka kaye yake ya mizigo mezani, wa tatu akasema ameisahau nyumbani.